Pikapu yangu ya silinda sita ilikua haina nguvu ya chini, na nusu ya kosa lilikua langu

Wakuu, hii habari nilitaka kuiandika siku nyingi ila aibu ilinizuia. Nina pikapu ya zamani ya petroli, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, gia za mkono, mataili ya nyuma ndo yanavuta. Injini za namna hii sifa yake inajulikana, hazina mbio ila zinavuta kama trekta. Ile Ford 300 ya lita 4.9 iliyotengenezwa toka 1965 mpaka 1996, zile za mwisho nguvu yake ya kuvuta ilikua inafika kileleni kwenye mizunguko 2000 tu kwa dakika, yaani kabla gari nyingine haijaamka. Sasa ya kwangu ikawa kinyume. Ukiwa na mzigo kwenye kilima, gia ya tatu, injini iko 1500, unakanyaga mafuta mpaka mwisho na hamna kitu kinachotokea, inaguna tu, inatikisika, unarudi gia ya pili unapanda kama konokono huku foleni imejipanga nyuma yako.

Nikajiambia injini inabanwa pumzi. Nikang'oa manifoldi ya ekzosi ya kiwanda, kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote, nikaweka heda, yaani kila silinda na bomba lake, za mabomba manene, af kutoka hapo bomba la inchi 3 mpaka nyuma, sailensa ya wazi. Mlio ulikua mtamu sana, sitasema uongo. Ila nguvu ya chini ikapungua TENA. Juu ya 3500 ilikua inakimbia vizuri kuliko mwanzo, lakini nani anaendesha pikapu yenye mzigo kwenye 3500?

Kilichotokea ni hivi, na laiti ningeelewa kabla ya kukata bomba la zamani. Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo, kila silinda inatema pigo lake. Pigo likienda kwa kasi ndani ya bomba linaacha nyuma yake mvuto, na ule mvuto ndo unasaidia kumalizia kunyonya moshi uliobaki ndani ya silinda, hewa mpya ikaingia kwa wingi. Bomba langu la mwanzo lilikua inchi 2 na robo. Ukienda inchi 3 uwazi wa ndani unaongezeka karibu asilimia 78, kwaiyo moshi uleule kwa mizunguko ileile unatembea kwa kasi ya zaidi kidogo ya nusu ya ile ya mwanzo. Injini ikiwa chini moshi wenyewe ni kidogo, kwenye bomba pana unazubaa tu na ule mvuto unakufa. Kasi ya moshi inakua na maana zaidi karibu na silinda hedi kuliko huko nyuma, kwaiyo heda zangu nene ndo zilikua na dhambi kubwa kuliko sailensa.

Nikaja kubadilisha, heda za mabomba membamba marefu, na bomba la inchi 2 na nusu. Hapa silinda sita za mstari zina bahati yake. Mpangilio wa kuwaka kwa kawaida ni 1-5-3-6-2-4, kwaiyo ukikusanya moshi wa 1, 2 na 3 bomba moja na wa 4, 5 na 6 bomba lingine, kila upande mapigo yanakuja kwa kupishana sawasawa, digrii 240 za krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), hakuna silinda inayomtemea mwenzake usoni. Ukiona heda ya kundi hilo la tatu tatu ujue aliyeitengeneza alifikiri.

Hapo nguvu ilirudi ila nikawa nimefika tu pale nilipoanzia. Ndo fundi mmoja mzee, mtu wa maneno machache, akaniuliza swali ambalo sikua nimejiuliza hata siku moja: cheni ya taimingi ulibadilisha lini? Hiyo ndo cheni inayounganisha krenki na kemshafti, mhimili unaofungua na kufunga valvu. Nikacheka. Akafungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa moto kwenye plagi, akaniambia zungusha krenki kwa spana taratibu, kwenda mbele, af rudisha nyuma, angalia ile rota inayozunguka ndani yake. Krenki inarudi, rota imesimama tu inashangaa, kama digrii 9 hivi ndo na yenyewe ikaanza kusogea. Yaani cheni imelegea mpaka basi. Cheni ikilegea kemshafti inachelewa, valvu ya kuingiza hewa inachelewa kufunga, na kwenye mizunguko ya chini pistoni ikianza kupanda inarudisha sehemu ya hewa kule ilikotoka. Af kwa kua distribyuta yangu inaendeshwa na kemshafti, na moto nao ulikua unachelewa. Mi nahangaika na mabomba, kumbe ugonjwa uko mbele ya injini umefunikwa na bati.

Tukaweka cheni mpya na gia zake. Gia ile ya krenki ilikua na matundu matatu ya ufunguo, yaani nafasi tatu za kuifungia kwenye krenki, moja la kawaida, moja la kuwahisha kemshafti digrii 4 na lingine la kuichelewesha, tukachagua la kuwahisha. Ukiiwahisha nguvu inahamia kwenye mizunguko ya chini, unapoteza kidogo kule juu, na mi kule juu sina kazi nako. Af moto tukausogeza mbele digrii 2 zaidi ya kiwanda, tukaipandisha kilima na mzigo tukisikiliza kama inagonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. Haikugonga. Ingegonga tungerudisha siku ileile, maana kugonga kunatoboa pistoni na hapo hamna mjadala.

Mambo mengine ya kuongeza nguvu, hewa baridi, chujio la wazi, spesa za chini ya kabureta, plagi za ajabu ajabu… achana nayo, chujio likiwa safi na plagi ziwe sahihi inatosha. Kitu kimoja tu cha kweli hapo, usiache injini inyonye hewa ya moto ya karibu na rejeta, hewa ikipanda joto digrii 10 inapoteza uzito kama asilimia 3, na nguvu nayo inaondoka karibu vilevile.

Sasa tuje kwenye lile nililoficha mpaka hapa. Mataili. Gari ilikuja na mataili ya inchi 29, mi nikaweka ya 33 kwa sababu yanapendeza, na kweli yanapendeza. Lakini 33 gawanya kwa 29 ni 1.138. Difu yangu ilikua ya 3.73, yaani shafti ya kutoka gia boksi inazunguka mara 3.73 taili likizunguka mara moja, kwa yale mataili ikawa kama difu ya 3.28, msukumo barabarani umeshuka asilimia 12 kwenye kila gia na hujagusa injini hata boliti moja. Na hasara ni mara mbili, kwa sababu kwa spidi ileile injini nayo inazunguka pole pole zaidi. Kilowati ni nguvu ya kusokota kwa niutoni mita zidisha mizunguko, gawanya kwa 9549. Injini inayotoa 280 kwenye mizunguko 1500 inakupa kilowati 44, ileile 280 kwenye 2000 inakupa karibu 59. We unailaumu injini kumbe umeifunga kamba miguuni.

Kurudi nilipokua nilihitaji difu ya 4.24, hiyo sikuipata. 4.10 ingeniacha chini kidogo ya mwanzo. Nikaenda 4.56, ikanipa asilimia 7 zaidi ya gari ilivyotoka kiwandani hata na mataili makubwa. Kama yako inavuta miguu yote minne kumbuka difu ni mbili na lazima zifanane, ukibadilisha moja ukaingiza four-wheel kwenye lami kuna kitu kitavunjika. Na tafuta mtu anayejua kupima mashiko ya meno, difu ikifungwa vibaya inalia kama ndege inatua.

Kilima kilekile, mzigo uleule, sasa ni gia ya tatu na mguu haujafika chini. Mafuta barabara ndefu inakula zaidi ya pale ilipokua na 3.73 na mataili makubwa, hilo nakubali. Spidomita inachukua habari kwenye gia boksi kwaiyo inadanganya kwenda juu kwa hiyo hiyo asilimia 7, inasoma 107 nikiwa 100, na abiria wangu wote wanadhani mi dereva mkali sana. Sijawarekebisha.