Dakika mbili kwenye kibanda cha adhabu, Minnesota

Januari nilienda Minnesota kumtembelea dada yangu anayeishi Brooklyn Park, na bei ya ile tiketi ya ndege bado inaniuma mpaka leo, halafu kufika tu naambiwa koti nililobeba kutoka soko la Gikomba, Nairobi, ni la mvua siyo la baridi, ikabidi nitoe dola tena ninunue lingine. Nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Wiki ya kwanza nililala na kunywa chai, sina la kusimulia. Haya yote naandika kwa sababu ya Ijumaa na Jumamosi ya wiki ya pili.

Mpwa wangu yuko chuo na anacheza hoki ya barafu. Alianza akiwa shule huko huko Minnesota, na hilo ndilo jimbo la kwanza Marekani kuifanya hoki ya wasichana kuwa mchezo rasmi wa sekondari, msimu wa 1994. Mimi miaka yote nilikuwa nasikia tu "anacheza hoki" nikidhani ni ile ya nyasi kama ya kwetu.

Ijumaa akanipeleka Minneapolis tuwaone wanawake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, timu yao inaitwa Gophers. Wanachezea Ridder Arena, uwanja uliofunguliwa 2002 na kujengwa kwa ajili ya hoki ya wanawake wa chuo, siyo kuazima wa wanaume, na unaingiza watu zaidi ya elfu tatu. Kuna bendi, kuna watoto wa kike wamevaa jezi, bibi wazee wanajua kila mchezaji. Wale wasichana wanakimbia kwenye barafu jamani! Nilishika kiti. Mpwa akanieleza kwamba kwenye daraja la juu kama hili wengi wana skolashipu, na kwa miaka mingi timu iliruhusiwa skolashipu 18 tu, zinagawanywa, huyu anapata nzima yule nusu. Mshahara ilikuwa mwiko, mpaka 2021 ndipo wakaruhusiwa kupata hela za matangazo kwa majina yao. Ubingwa wa taifa wa wanawake wenyewe ulianza 2001 tu na waliouchukua ni timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota Duluth, hapo hapo jimboni. Nilifurahi kweli, ila chai ya kikombe cha karatasi bei yake ni ya mlo mzima Nakuru na haina maziwa ya maana.

Nikamuuliza, na wewe unachezea wapi? Akasema kesho utaona anti, ila uje umevaa vizuri.

Mechi yake ilikuwa saa nne kasorobo usiku. Usiku! Sikujua barafu inakodiwa kwa saa kama ukumbi wa harusi, na saa nzuri za jioni zinachukuliwa na timu za watoto na wenye hela, kwa hiyo klabu za wanafunzi zinabaki na usiku. Timu yake siyo ile ya chuo yenye skolashipu, ni klabu, iko kwenye ligi ya ACHA, yaani chama cha hoki ya klabu za vyuo vya Marekani, kilichoanzishwa 1991, na humo wachezaji wenyewe ndio wanalipa ada: barafu, marefa, jezi, mafuta ya gari, vyote mfukoni mwao. Tulikuwa watazamaji kama 20, wengi wazazi, mabenchi ya chuma yanakula mpaka mfupa.

Sasa mtu wa kufungua mlango wa kibanda cha adhabu hakutokea. Kocha akapita kwenye mabenchi anaomba mtu, yeyote, na dada yangu akaninyanyua mkono wangu mimi. Nikaonyeshwa kwa dakika moja: mchezaji wa wageni akikosea anakaa hapa dakika mbili, saa ikiisha fungua, timu yetu ikifunga bao kabla ya dakika hizo kuisha fungua pia, basi.

Kipindi cha pili kifaru mmoja wa wageni akampiga mtama mpwa wangu kwa ile fimbo. Kwenye hoki ya wanawake kumvaa mtu kwa mwili hakuruhusiwi kama kwa wanaume, lakini msidhani hawaumizani. Refa akapuliza, msichana akaletwa kwangu, akakaa kishindo, akavua helmeti yenye wavu, na chini ya ile hasira yote kulikuwa na mtoto wa miaka 19 analia. Nikampa leso. Sikuwa nimepanga, mkono ulienda wenyewe.

Akasema pole mama, sikukusudia. Nikamwambia usijali, yule ni wa kwetu, ni mgumu. Akaanza kunieleza huku macho yako kwenye saa, wameendesha vani kwa muda wa masaa sita kuja, wachezaji wenyewe wanapokezana usukani, na wanarudi usiku huu huu kwa sababu hela ya hoteli haikutosha, yeye Jumapili anaingia kazini dukani saa nne asubuhi maana ada ya muhula huu bado anadaiwa. Nikamuuliza na mbona unacheza? Akanitazama kama sijaelewa swali langu mwenyewe.

Nikakumbuka timu yetu ya mpira ya wasichana, Nakuru, mwalimu akichangisha nauli ofisi kwa ofisi, tukajibana 22 kwenye matatu ya watu 14 kwenda kufungwa mabao sita, na tukaimba njia nzima kurudi. Hakuna aliyetuuliza mbona.

Zikiwa zimebaki sekunde 40 mpwa wangu akafunga. Vigelegele vilinifika kooni nikavimeza, kwa sababu lile bao ndilo lilimfungulia huyu mlango na alijua kosa lake ndilo limewagharimu. Nikafungua. Akanishika bega kidogo, akatoka kama risasi.

Tulishinda nne kwa mbili. Saa sita taa za upande mmoja zikazimwa, muda wa barafu umeisha, watoke. Huko nje yule msichana akanifuata kwenye vani, injini ilikuwa inanguruma muda wote kwa baridi ile, akauliza kwenu kuna hoki? Nikamwambia ipo Nairobi, barabara ya Mombasa, juu ndani ya hoteli ya Panari, tangu 2005, na 2024 Kenya imeingizwa kwenye shirikisho la dunia, lakini uwanja ni huo mmoja tu na ni mdogo kuliko huu.

"Mmoja? Nchi nzima?"

Mmoja.

Akafikiria, kisha akauliza barafu yao inapatikana saa ngapi. Kabla sijajibu wakamwita, zamu ya kwanza ya usukani ilikuwa yake.