Tumehamia Git, na majina yote yamefika

Programu yetu huria ya hesabu za vikoba sasa iko kwenye Git, mfumo unaotunza historia ya kila badiliko la msimbo. Repo (ghala la msimbo) ya zamani ya Subversion, mfumo tuliokuwa tukiutumia, bado inasomeka, ila hakuna anayeweza kuandika humo tena.

Kilichotuhamisha ni intaneti. Kwenye Subversion historia inakaa kwenye seva; ukitaka kukomiti, yaani kuandika badiliko kwenye historia pamoja na ujumbe wa kulieleza, au hata kusoma tu nini kilibadilishwa mwaka juzi, lazima seva ipatikane. Wenzetu walio mbali na mji wananunua bando kwa kujibana. Git inampa kila mmoja historia nzima kwenye mashine yake. Anafanya kazi mtandao ukiwa umekatika, jioni ukirudi anasukuma vyote kwa mkupuo.

Wapo waliotaka tubebe toleo la mwisho tu, tuanze upya. Nilikataa, na ningekataa tena. Kuna mstari wa msimbo unaokata senti za mgao kwenda chini, hata zikiwa tisini na tisa. Anayeuona leo ataufuta akidhani ni kosa. Ujumbe wa komiti yake ndio unaoeleza: kikundi kimoja kilipogawana faida, senti zilizopandishwa zilifanya jumla ya mgao izidi fedha zilizomo sandukuni. Ukiitupa historia, ugomvi ule utazuka upya kwenye kikundi kingine.

Kazi kubwa ilikuwa majina. Subversion huandika jina la kuingilia tu. Git inataka jina kamili na barua pepe. Kwa hiyo unaiandalia git svn, amri ya Git inayohamisha historia kutoka Subversion, faili la majina: kushoto la zamani, kulia la mtu mwenyewe. Ikikuta asiyemo, inasimama papo hapo. Naupenda sana ukali huo. Ilisimama kwa “fundi2”, aliyetutengenezea ripoti ya mikopo iliyochelewa kisha akapotea. Tuliulizana mpaka mmoja akamkumbuka. Nilimpigia, akachagua mwenyewe jina lake liandikweje. Alifanya kazi ile bila kulipwa; jina ndiyo haki yake.

Jumbe zetu nyingi zinasema “tazama r412”, yaani badiliko namba 412 la Subversion, na Git haina namba za namna hiyo. Tumeacha mstari wa git-svn-id, wenye namba ya zamani, chini ya kila ujumbe ili namba itafutike. Mradi wa GCC (programu huria inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), uliohamia Git Januari 2020, ulifanya vivyo hivyo kwa mstari wa “From-SVN”. Historia yao ni kubwa mno, hata reposurgeon, chombo cha Eric Raymond cha kuhamishia, kiliandikwa upya kutoka lugha ya Python kwenda Go.

Angalizo kwa watakaotufuata: git svn huleta tagi (alama za matoleo) kama matawi (njia za kazi zinazoendelea sambamba), inabidi uzigeuze ziwe tagi. Folda tupu nazo Git haizitunzi. Folda yetu ya nakala rudufu ilitoweka, tukaiwekea faili dogo ndani.

Mwongozo wa wachangiaji bado unasema “svn update”. Naanza kuuandika upya wiki hii. Mwenye nafasi anisaidie sura ya matawi.