Siku baba mkwe alipopanda baiskeli Karura

Pakiti ya maziwa ilipasukia mkobani mwangu Jumanne, nikirudi nyumbani kwa baiskeli, na hadi leo mkoba unanuka. Nimeufua kwa sabuni ya unga, nimeuanika juani, nimeutia siki. Kazi bure. Kila nikiuvaa mgongoni, harufu ya maziwa yaliyochacha inanipanda puani, na papo hapo niko msitu wa Karura, Nairobi, nyuma ya Baba, kwenye ule mteremko wa kushukia mtoni.

Baba ni baba mkwe wangu; wanaonisoma wanamjua kwa habari za tangi la maji na mbwa wa jirani. Mwaka huo, 2017, alikuja mjini kumwona daktari wa macho, akalala kwetu. Jumamosi asubuhi akanikuta nje naitia cheni mafuta. Akaigusa breki ya diski kwa kidole kimoja. Akauliza hiki chuma ni cha nini, springi za mbele ni za nini, na bei. Niliitaja bei nikiwa nimeikata nusu, na bado akaguna.

"Hiyo ni pesa ya ndama. Na inakupeleka wapi?"

Nikamwambia hainipeleki popote, tunazunguka tu msituni na kurudi.

"Msitu gani?"

"Karura, Baba."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama iko nyingine.

Mke wangu alikuwa na maoni yake kuhusu wazo hilo, na kwa kuwa baiskeli yenyewe ilikuwa yake, aliyatoa kwa kirefu. Sitayarudia hapa. Mzee alitoka nyumbani kavaa koti la suti, suruali kaichomeka kwenye soksi, na helmeti kaiweka juu ya marvin, kofia yake ya sufu, maana marvin yake haivuliwi kwa ajili ya mtu.

Tuliingia kwa lango la upande wa Kiambu Road. Wakati nalipa kwa simu, alimtazama askari, kisha akanitazama mimi.

"Mnalipa kuingia? Sisi tulikuwa tunalipa kutoka."

Askari alicheka. Mzee hakucheka.

Kwa watu wa rika lake Karura haikuwa mahali pa matembezi. Ilikuwa hekta elfu moja na ushee za giza kando ya jiji, za wezi na za maiti zilizotupwa usiku. Mimi niliyekulia Voi niliijua kwanza kwenye taarifa ya habari, Januari 1999, Wangari Maathai akivuja damu kichwani kwa sababu alitaka kupanda mti kwenye ardhi ambayo wakubwa walikuwa wameshaigawana. Siku hizi kuna ua wa umeme, vibao vya namba kwenye njia panda, mkahawa karibu na mto, na mbega weusi kwa weupe walioanza kuletwa mwaka 2014 kutoka Kipipiri. Yote hayo nilimweleza mzee tukiendesha. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akitazama miti.

Sasa, tabu ya kuendesha baiskeli na baba mkwe ni kwamba humpiti. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, lakini najua. Basi kwenye ile barabara pana ya mikaratusi nilijifunga nyuma yake, mguu mmoja wa pedali kwa dakika, huku watu wanaokimbia na mbwa wao wakitupita. Alikwenda mgongo wima, kama anayekwenda kanisani. Gia alizikataa kabisa. Alipata moja aliyoipenda akakaa nayo, mlimani na bondeni.

Tulipofika kwenye njia panda nilitaka tunyooke. Kushoto kuna njia nyembamba ya baiskeli, ya watu wazima na akili zao, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Mzee akakata kushoto. Hakuuliza.

Wanaopanda wanaijua aina ile ya njia. Inaanza kwa upole, kisha inazama kati ya miti, upana wake usukani na kiganja cha kila upande. Mizizi imeikatiza kwa kushoto na kulia, imesuguliwa na tairi hadi inang'aa, na katikati yake ni udongo mwekundu ambao ukilowa haumheshimu mtu. Mzizi uliolowa haupigiwi breki. Unauvuka moja kwa moja, magurudumu yanazunguka huru, unaomba Mungu. Ukishika breki juu yake, tairi la mbele linakwenda kwao na wewe unakwenda kwenu. Mfupa wa bega langu la kulia unalijua hilo vizuri, nimeshaandika habari zake.

"Baba, taratibu!" nikapaaza sauti.

Akainuka kitini. Ndivyo ninavyomwona hadi leo: magoti yamekunjwa, viwiko vimetoka nje, koti linapepea, kichwa kimeinuliwa, kinatazama mbali na wala si chini kwenye gurudumu. Breki ililia mara moja, kwi, kwenye kipande cha udongo mkavu, ikanyamaza mizizi mitatu ikapita chini yake, ikalia tena. Mikono ilikuwa legelege. Mimi huku nyuma, na springi zangu na video zote nilizotazama za Wazungu wakiruka magogo, nimefunga vidole kwenye breki na tairi la nyuma linakwenda kombo.

Halafu kuna kona. Njia inapita karibu sana na mti, na kila mtu huikata kwa ndani maana ndiko kwenye njia fupi. Mzee akaizunguka kwa nje, mbali kabisa, karibu aingie vichakani. Nikasema moyoni, hapa ameikosa. Lakini kona iliyofuata akafanya vilevile, kwa utulivu, kiuno kimesogea kidogo upande mmoja, na ndipo nikaelewa ninachokitazama. Alikuwa akiacha nafasi. Kushoto na kulia ya gurudumu la nyuma palikuwa na kitu kilichojitokeza ambacho hakikutakiwa kugusa mti, na kitu chenyewe hakikuwepo.

Alisimama chini, kabla ya mto. Hakuwa akihema kama nilivyokuwa nahema. Alishuka, akailaza baiskeli ya binti yake nyasini, akaenda kuweka kiganja kwenye mti wa muhugu uliokuwa pale.

"Debe likijaa halina neno," akasema. "Likiwa nusu ndilo linalokuangusha. Maziwa yanakwenda mbele, yanarudi nyuma, yanakusukuma kwenye mteremko."

Kwetu tunasema debe shinda haliachi kutika. Maisha yangu yote nilidhani ni habari za watu wasemaji.

Hadithi yenyewe aliitoa kwa vipande, akiutazama mti. Kabla soko la maziwa halijafunguliwa kwa wote mwaka 1992, kampuni ya maziwa ya KCC (Kenya Co-operative Creameries) peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza maziwa mijini. Mkulima wa Kiambu mwenye ng'ombe wake wawili alikuwa karibu na walaji wote wa Nairobi na haruhusiwi kuwauzia. Basi waliuza. Walitoka Ndumberi, huko Kiambu, alfajiri na baiskeli za Black Mamba, madebe yamefungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, wakaingia vibanda vya chai vya Parklands kabla jua halijawaka. Barabarani kulikuwa na askari, kwa hiyo walipita msituni. Msituni kulikuwa na watu wengine, na hao ndio waliolipwa ili mtu atoke.

Siku moja askari wakawa wanangoja huku chini.

"Nikafungua, nikamwaga," akasema. "Yote. Hapa. Nyasi zikawa nyeupe. Ukiwa na debe tupu wewe ni mtu anayepita tu."

Kisha akasema, bila kugeuka, "Yale yalikuwa viatu vya mke wako."

Sikujua la kusema. Nikauliza kama walimwachilia. Akaupiga muhugu kofi jepesi, akasema mti huu haukuwepo wakati huo. Sasa, muhugu hukua polepole mno, na ule sikuweza kuukumbatia ukanitosha mikononi. Ulikuwepo kabla yetu sote wawili. Lakini yeye ni baba mkwe, na mimi nilikuwa natafuta chupa ya maji.

Tulirudi. Tulikula chapati. Daktari alimpa miwani ambayo haivai.

Hadithi hiyo niliibeba kwa miezi nikiwaeleza watu. Niliwaeleza wenzangu wa Jumamosi, ambao wakaibatiza njia ile jina ambalo halichapishiki. Nikamweleza mke wangu, akasema anakumbuka mwaka ambao viatu vya shule vilichelewa, alivaa vya binamu yake vilivyombana, lakini maziwa hakumbuki. Krismasi tukaenda Ndumberi, watu tele mezani, na mimi nikaisimulia upya kwa sauti na mikono, kona kwa kona, nikifikiri nampa mzee heshima mbele ya ukoo wake.

Mama mkwe akaweka sufuria chini.

"Nani? Huyu? Huyu alikuwa karani wa chama cha ushirika, anaandika lita za watu kwenye kitabu. Aliyekuwa anabeba maziwa usiku ni ndugu yake, marehemu."

Watu wakacheka, wajomba wakaanza kubishana kuhusu nani alikuwa na baiskeli mwaka gani. Baba aliomba sukari. Hakukanusha, hakukubali. Alikoroga chai yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Huyo ndugu yake sikumkuta, alikufa kabla sijaanza kupeleka miguu kwao. Pengine ndiye aliyemwaga maziwa, na mzee aliisikia hadithi mara nyingi hadi ikawa yake. Pengine mchana alikuwa karani na alfajiri alikuwa kitu kingine, na hilo mkewe hakuambiwa. Karani wa ushirika kukamatwa na madebe ya magendo lisingekuwa jambo la kusimulia mezani. Ila kuhadithiwa ni kitu kimoja. Zile kona mtu hazijui kwa kuhadithiwa. Niliona kiuno chake.

Au nimeona nilichotaka kuona, sijui.

Kumwuliza siwezi, mimi ni mkwe. Mke wangu anasema si jambo kubwa, mtu anauliza tu. Yeye ni binti yake, yeye anaweza. Imepita miaka na hajauliza.