Kadi 12 Ndani ya Maji

Ukurasa wa albamu ulikuwa na kadi 12 za besiboli, zote zimebandikwa kwa uji wa unga wa ngano. Ilikuwa Januari, Baltimore, jikoni kwa mzee jirani. Albamu aliirithi kwa baba yake.

Ni kadi za T206, zilizowekwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Upana wake ni kama sentimita 3.6 na urefu 6.7. Tulianza na lenzi ya kukuza mara 10, kwenye jina chini ya picha. Kwenye nakala za siku hizi hata herufi huwa ni mkusanyiko wa vidoti. Hapa wino wa kahawia ulikuwa mzima, umekolea hadi ukingoni. Halali kabisa.

Iliyotushika macho ilikuwa kadi ya Ty Cobb, mchezaji wa timu ya Detroit, ile ya mandhari nyekundu. Hakuna uwanja wala mashabiki: uso, kola na wekundu mtupu, kama picha ya mtakatifu ukutani. Wachoraji walianza na picha za studio, wakafuta kila kilichokuwa nyuma ya mtu, kisha rangi zikapigwa chapa moja juu ya nyingine. Wino huo una mafuta, ndiyo maana maji hayauondoi.

Ili kuzibandua kadi, tulilaza ukurasa kwenye sinia la maji yasiyo na chumvichumvi, yale ambayo kwetu huitwa maji ya betri, ya baridi ya kawaida. Gundi ya ngano huhitaji nusu saa au zaidi, na kadi ikiwa tayari huteleza yenyewe. Dakika ya kumi niliinua pembe ya Cobb. Ilikuja, lakini tangazo la sigara za Piedmont la wino wa bluu, lililokuwa mgongoni mwa kadi, likabaki kwenye ukurasa: gundi ilikuwa bado ngumu katikati, na karatasi iliyolowa ikachanika tabaka.

Zile 11 tuliziacha hadi zikaelea. Tukazilaza kati ya karatasi za kufyonza, juu yake vitabu vizito, tukabadilisha karatasi baada ya saa moja, kisha kila asubuhi kwa siku tatu. Tusingethubutu kuzianika karibu na hita, kwa sababu upande mmoja ukiwahi kukauka kadi hujikunja.

Lile tabaka la bluu lilitoka mwisho, jembamba kama ganda la kitunguu. Mzee alilikausha vilevile, akalitia kwenye mfuko mmoja na Cobb.