Rekibaki 30%, lakini umechenji mara ngapi?

Mtu wa Malindi hafundishwi kusoma ubao wa duka la kuchenji pesa pale Barabara ya Lamu. Kuna safu mbili, bei wanayonunulia euro na bei wanayouzia, na mwenye duka anakula pale katikati. Mtaliano akishuka Desemba na noti zake, hata kijana wa ufuoni anaijua hesabu hiyo bila kalamu. Lakini mtu huyohuyo akifungua saiti ya poka, macho yote yanakwenda kwenye tangazo la rekibaki 30%, yaani kurudishiwa sehemu ya makato ya saiti, na anasahau kwamba nyuma ya kitufe cha kuweka pesa upo ubao uleule, ila huu hauanikwi.

Wenye kusema kamari ni kamari, sina ugomvi nao. Haya ni ya mtu mzima aliyekwisha kuamua, aliyetimiza miaka 18, na anayecheza kwa pesa ambayo ikipotea hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa karo.

Tuanze na reki, yaani makato ya saiti, kwa sababu zawadi zote zinatoka humo. Kwenye meza za pesa taslimu saiti hukata karibu 5% ya poti, ile pesa iliyokusanyika mezani, na kila poti ina kikomo cha makato. Mkono, yaani mzunguko mmoja wa kugawa karata, ukiisha kabla karata tatu za mezani hazijafunguliwa, saiti nyingi hazikati kitu. Kwenye tonamenti wanakuandikia wazi: dola 10 + 1. Ile 10 inaingia kwenye zawadi za washindi, ile 1 ni yao. Rekibaki ni sehemu ya reki uliyokatwa inayorudi kwako. Haihusiani na pesa uliyoweka wala na ulichoshinda.

Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanachukua 30% ya rekibaki na kuilinganisha na 4% ya kuchenji, halafu wanasema 4% ni ndogo. Lakini rekibaki inafuata mikono unayocheza, na gharama ya sarafu inafuata pesa unayosafirisha. Ukitaka kuzipima pamoja, zigeuze zote mbili ziwe shilingi kwa mwezi.

Tuchukue mfano. Dola iwe 130 kwa bei ya katikati, ile unayoiona ukitafuta kwenye simu. Saiti ya kwanza ina meza za dola na rekibaki ya 15%. Unalipa kwa kadi ya benki. Benki inakuuzia dola kwa 134.50 na kuinunua kwa 125.50. Ukiweka dola 100 zinakutoka shilingi 13,450. Ukizitoa zilezile bila kucheza hata mkono mmoja, unapata 12,550. Umeacha 900 njiani.

Saiti ya pili inakupa rekibaki ya 30%, lakini meza zake ni za euro, nawe una pochi ya mtandaoni ya dola. Shilingi inageuzwa dola kwa hasara ya 3%, kisha dola inageuzwa euro kwa hasara ya 4%. Ili upate mezani thamani ileile ya shilingi 13,000, inabidi utoe kama 13,960. Ukirudi kwa njia hiyohiyo, zile 13,000 zinafika zikiwa 12,105. Safari nzima imekula karibu 1,855. Tofauti ya saiti hizi mbili, kwa kwenda na kurudi mara moja, ni shilingi 955.

Sasa mikono. Kwa mchezaji wa meza ndogo ambazo dau za lazima za kuanzia ni senti 5 na 10 za dola, tuchukue reki ya senti 80 kwa kila mikono 100. Yako inaweza kuwa juu au chini ya hapo, kwa hiyo isome kwenye programu ya kuhifadhi mikono, usikisie. Anayecheza mikono 2,000 kwa mwezi hukatwa dola 16. Rekibaki ya 30% inamrudishia shilingi 624, ya 15% inamrudishia 312. Yaani kwa ajili ya 312 za ziada anatoa 955. Anayecheza mikono 10,000 hukatwa dola 80, na tofauti ya rekibaki inafika 1,560. Huyo saiti ya pili inamlipa. Mpaka kati ya hawa wawili uko kama mikono 6,100 kwa mwezi, ikiwa kila mwezi mnaweka na kutoa thamani ya dola 100.

Lakini angalia lile sharti la "kila mwezi". Ukisafirisha pesa hiyo mara moja tu kwa miezi mitatu, zile 955 zinagawanyika kwa tatu na mpaka unashuka hadi mikono 2,040 hivi. Anayeweka kidogokidogo kila Ijumaa ndiye anayeliwa zaidi, hasa pochi ikiwa na ada isiyobadilika kwa kila muamala. Ada ya shilingi 100 kwenye 10,000 ni 1%. Kwenye 1,000 ni 10%.

Kuna watu wa hapa ambao hesabu hii inawageukia kabisa. Kiongozi wa watalii, mwenye vyumba vya kukodisha, mpishi anayelipwa na Mtaliano: hawa euro wanayo tayari. Mwenye akaunti ya benki ya euro na pochi ya euro akienda kwenye saiti ya meza za euro, hachenji chochote, anabaki na ada za benki tu. Kwake ile saiti ya pili yenye 30% ndiyo rahisi, na ile ya dola ndiyo ghali. Kwa hiyo swali la kwanza ni wewe unalipwa kwa sarafu gani, kisha pochi ni ya sarafu gani, kisha meza ni za sarafu gani. Kila mahali jibu linapobadilika, kuna mtu anakata. Fungua pochi kwa uangalifu, maana nyingi hazikubali kubadili sarafu ya msingi baada ya muamala wa kwanza. Wengi hubonyeza tu kile kilichotokea kwenye skrini, wakagundua baada ya mwezi.

Usiombe akaunti ya rafiki Mtaliano ili ucheze kwenye saiti za kwao. Soko la Italia lina leseni zake na linataka namba ya kodi ya Italia. Ukicheza kwa jina la mtu mwingine, saiti ikigundua inafunga akaunti, na pesa iliyomo hamna hoja ya kuidai, wewe wala yeye.

Bonasi ya kuweka mara ya kwanza nayo ni rekibaki iliyovaa kanzu ya Idi. Wanakuambia watakuongezea 100% ya ulichoweka, hadi dola 600. Soma masharti: kwa kawaida inaachiliwa vipandevipande, kwa mfano dola 5 kila ukikatwa reki ya dola 20, ndani ya siku 60. Hiyo ni rekibaki ya 25% yenye saa inayokimbia. Mchezaji wetu wa reki ya dola 16 kwa mwezi atafikisha dola 32 kabla siku hazijaisha, atapata dola 5, na nyingine 595 zitayeyuka. Akiweka dola 600 ili "asiikose", amelipia kuchenji dola 600 kwa ajili ya dola 5. Mimi ningemwambia aweke dola 50.

Masanduku ya bahati, pointi na magurudumu ya kuzungusha yahesabu kwa wastani wake, si kwa lile kubwa lililoandikwa juu. Ukilipwa kwa tiketi ya tonamenti, thamani yake si ile iliyochapwa, kwa sababu ndani ya tiketi mna reki yao na huwezi kuitoa kama pesa. Ukilipwa kwa pointi, tafuta bei ya kuzigeuza ziwe taslimu; mara nyingi bei nzuri imefungiwa wale wa ngazi za juu.

Halafu kuna kuchenji ambako hakuna anayekukata ila shilingi yenyewe. Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilipita 160. Serikali ikakopa upya Februari ili kulipa sehemu ya Eurobond, deni lake la dola kwa wawekezaji wa nje, iliyokuwa inaiva Juni, shilingi ikapanda ghafla, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu 130. Aliyekuwa na dola 1,000 kwenye akaunti ya poka alipoteza kama shilingi 30,000 huku kompyuta imezimwa. Hakuna rekibaki ya kuziba shimo hilo. Kama matumizi yako ni ya shilingi, acha kwenye saiti pesa ya mchezo tu, ile unayoihitaji kwa meza unazocheza, na nyingine iteremshe.

Njia ya kutoa ndiyo ya kuchunguza kwanza, kabla ya njia ya kuweka. Kwa sheria za kuzuia utakatishaji wa pesa, saiti nyingi hukurudishia kupitia njia uliyowekea. Kadi inaweza kukubali kuweka na ikakataa kupokea. Hapo unaangukia kwenye uhamisho wa kimataifa wa benki, ambao benki za katikati nazo huchukua ada zao, na kwenye dola 100 ada kama hizo ni msiba. Benki nyingine huzuia kabisa malipo ya kamari kwa kuangalia namba ya aina ya biashara, 7995. Kadi ikikataliwa wakati pesa ipo, mara nyingi sababu ni hiyo. Kujaribu tena mara tano hakusaidii. Kadi ya mkopo ni mbaya zaidi, kwa kuwa benki inaweza kuhesabu muamala kama umechukua taslimu, ada na riba vikaanza siku hiyohiyo. Na kwenye ukurasa wa malipo ukiulizwa kama ulipe kwa shilingi au kwa dola, linganisha kabla ya kubonyeza: bei ya shilingi wanayokupa pale kwa kawaida huwa mbaya kuliko ya benki yako.

Wanaopitia dola za kidijitali za USDT wanakwepa baadhi ya makato, lakini bei ya mtu kwa mtu nayo ina safu mbili kama za Barabara ya Lamu, na ukituma kwa mtandao wa blokicheni usio wa anwani ya mpokeaji, pesa imezama. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, usiachilie USDT zako kwa sababu ya meseji ya M-Pesa tu. Fungua salio uone.

Majina yanasumbua kuliko yanavyopaswa. Kitambulisho kina majina matatu, pochi ina mawili, benki imeandika Mohamed na saiti Mohammed. Siku ya kuweka hakuna anayeuliza. Siku ya kutoa ndipo inakuwa kesi. Andika kila mahali kama kitambulisho kinavyosema. Wakitaka uthibitisho wa makazi, na huku kwetu nyumba nyingi hazina namba na bili ya stima ina jina la mwenye nyumba, taarifa ya benki ya miezi mitatu ya karibuni ndiyo hupita, mradi benki imeandika mtaa wako na si sanduku la posta peke yake. Kabadilishe hilo tawini kabla hujaanza.

Kuhusu usalama wa pesa yenyewe, angalia kama masharti yanasema pesa za wachezaji zimetengwa na za kampuni. Aprili 15, 2011 serikali ya Marekani ilipozifunga tovuti za PokerStars, Full Tilt Poker na Absolute Poker, PokerStars iliwalipa wachezaji wake Wamarekani haraka. Full Tilt haikuwa nayo ya kulipa, na wa kwao walianza kurudishiwa Februari 2014. Asilimia za zawadi za Full Tilt zilikuwa nono.

Saiti zenye leseni ya Kenya zina hesabu nyingine. Zinatumia shilingi, hakuna haja ya kuchenji, lakini tangu Julai 2025 kuna ushuru wa 5% pesa ikiingia na 5% ikitoka. Kwenda na kurudi ni 9.75%, yaani zaidi ya 6.7% iliyoliwa na kadi kwenye mfano wa saiti ya kwanza. Unachopata ni mdhibiti wa hapa nchini wa kumlalamikia. Saiti ya nje isiyo na leseni ya Kenya ikikugomea, huna wa kumpelekea. Na fungua uone kama hiyo "poka" yao ni ya wachezaji kwa wachezaji. Nyingi ni za kucheza dhidi ya nyumba, hazina reki wala rekibaki, na nyumba ina faida yake ndani ya kanuni za mchezo.

Ukishachagua, weka kiasi kidogo kabisa wanachokubali, cheza mikono michache, kisha kitoe chote. Saiti nyingine haziruhusu kutoa kabla ya kucheza, kwa hiyo usiruke hatua hiyo. Andika kwenye daftari shilingi zilizotoka M-Pesa au benki, kilichofika mezani, kilichobaki baada ya kucheza, shilingi zilizorudi, na siku zilizopita. Gawanya shilingi zilizotoka kwa kilichofika mezani, na zilizorudi kwa kilichobaki, linganisha zote mbili na bei ya katikati ya siku hiyo, na utakuwa na namba yako ya kweli ya kuchenji, hata kama haikuandikwa popote. Rudia baada ya miezi michache, kwa sababu pochi hubadilisha ada zake kwa barua pepe ambayo hakuna anayeisoma.