Chupa yenye shingo nyembamba

Jumamosi iliyopita nilihudhuria warsha ya wajasiriamali wachanga katika ukumbi mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, nikiwa na mkoba wenye chupa 12 za mafuta ya nazi ninayoyatengeneza nyumbani, pamoja na matumaini makubwa kuliko mkoba wenyewe. Biashara yangu ina miezi saba. Nazi ninazinunua Pangani kwa bei ya jumla, mimi na shangazi tunazikuna na kukamua tui, kisha tunalipika kwa moto mdogo hadi mafuta yajitenge, na muda wote huo nilidhani kikwazo changu ni mtaji.

Saa ya kwanza ilikwenda kwa hotuba, nami sitaisimulia.

Baada ya hapo kila mshiriki alipewa dakika tatu kueleza bidhaa yake, kisha ikapitishwa meza hadi meza na wenzake wakaitolea maoni, huku mwenyewe akikatazwa kujibu. Aliruhusiwa kuandika tu. Sharti hilo nililiona dogo nilipolisikia, lakini mtu aliyekulia Ngamiani, ambako neno halilali bila kujibiwa, ataelewa jinsi lilivyonitesa.

Mzee mmoja mwenye duka la rejareja alisema lebo yangu haina tarehe ya kutengenezwa wala ya mwisho wa matumizi, hivyo hawezi kuiweka bidhaa dukani kwake. Kijana aliyeketi kando yangu alichungulia daftari langu, akaona nimeandika kwamba nitakwenda TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, akanikumbusha kwa staha kuwa tangu mwaka 2019 masuala ya usalama wa chakula na vipodozi yako chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena.

Ndipo akasimama mama mmoja mfanyabiashara wa Lushoto, akaigeuza chupa yangu juu chini, akasema, “Mwanangu, mafuta yako ni mazuri, lakini kwetu hayatoki.” Alieleza kwamba miezi ya baridi mafuta ya nazi huganda yakawa meupe kama samli, na mteja mwenye chupa ya shingo nyembamba hulazimika kuianika juani au kuitumbukiza kwenye maji ya moto, asiye na subira huamua kwamba yamechakachuliwa. Nilihisi uso ukiniwaka, kwa sababu mwezi wa sita nilirudishiwa chupa sita kutoka huko huko milimani, nami nikamlaumu mteja kimoyomoyo kwamba hajui mafuta halisi. Mafuta haya huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali jikoni kwetu, kwenye joto la pwani, sijawahi kuyaona yakiwa na sura nyingine isipokuwa ya maji. Laiti ningeruhusiwa kujibu, ningeitetea chupa ile kwa dakika kumi, na huenda mama yule angekaa kimya.

Wakati wa chai wenzangu wengi walikwenda kupeana namba za simu na wageni waliovaa suti. Mimi nilimfuata yule mama. Nilimwahidi mzigo wa mali kauli, alipe akishauza, lakini alikataa. Alisema yeye hulipa taslimu ili apate nguvu ya kushusha bei, na akaishusha kweli, papo hapo, mkononi bado ana kikombe. Sharti lake lilikuwa moja: kopo lenye mdomo mpana.

Makopo hayo yananiongezea gharama ya shilingi 300 kwa kila moja. Jana usiku niliweka moja kwenye friji ya jirani, na asubuhi shangazi akachota mafuta kwa kijiko, akajipaka mikononi, akaniuliza mbona hatukuwahi kujaribu. Makopo 24, yenye lebo mpya, yatapanda basi la Lushoto keshokutwa.