Pipa la oili lililokataliwa

Huu ni mwaka wa sita nakaa stoo ya gereji, Chang'ombe. Miaka yote hiyo taka kwangu zilikuwa za aina mbili: zenye mnunuzi, na za kubebwa na gari la taka. Oili chafu ilikuwa na wateja kuliko hata vipuri. Mafundi wa mapaa walikuja na madumu yao, wakapake mbao mchwa wasile.

Siku hiyo alikuja mkusanyaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Akafungua pipa, akanusa, akalifunga. "Dada, hii imeingia thina. Siichukui." Thina ni ile dawa ya kuyeyushia rangi. Kumbe vijana wa rangi walikuwa wakishasafisha bunduki zao za kupulizia rangi wanamwaga humo humo, maana ndilo pipa lililo karibu. Lita 200 zikaharibika kwa thina isiyojaza hata ndoo.

Bosi akanikabidhi kazi ya kuchambua kila kinachotoka gerejini.

Nilianza kwa macho, nikapotea. Maji ya betri ni maangavu kama ya kunywa; tope la kuoshea magari linatisha. Ndipo nikaacha kuangalia, nikawa nauliza: hiki kimetoka kazi gani, na kimegusana na nini? Duka lililotuuzia thina nililisumbua siku tatu mpaka likanitumia karatasi ya usalama wa kemikali. Ina sehemu 16. Ya 2 inataja hatari zake, ya 9 inasema mvuke wake unaanza kushika moto kwenye nyuzi ngapi za joto, ya 13 inaeleza namna ya kuitupa. Kipimo kinachotumika nchi nyingi kwa taka za majimaji ni kama nyuzi 60 za Selsiasi. Chini ya hapo ni hatarishi. Thina yetu haikufika hata 23, na stoo yangu mchana ni zaidi ya 30! Matambara yaliyolowa thina nikayatoa kwenye mfuko wa taka za kawaida siku hiyo hiyo.

Betri ndiyo iliyotugombanisha. Fundi umeme wetu, mzee ninayemheshimu, alisema, "Mwanangu, mwagia magadi, povu likiisha mwaga mtaroni." Kweli magadi yanaua asidi, karatasi ya litmasi, ile ya kupimia asidi, haiwi nyekundu tena. Lakini madini ya risasi yaliyotoka kwenye sahani za betri yanabaki mlemle, na sumu yake haijali magadi. Mzee alinuna wiki nzima.

Nilipokwama nilifungua orodha ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatarishi, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1993. Humo kila aina ya taka ina namba yake: oili chafu ni Y8, masalia ya rangi Y12, zebaki ya zile taa ndefu Y29, risasi Y31, asidi Y34. Karibu gereji nzima imo. Maboksi, matairi na vyuma vikavu nikaviweka pembeni bila kuumiza kichwa. Filta za oili, hapana: ni chuma, lakini zinachuruzika.

Lile pipa liliondoka baada ya miezi mitatu, na safari hii sisi ndio tuliolipa. Sasa kila pipa lina rangi yake na kufuli, funguo ninazo mimi. Mafundi wa mapaa bado wanakuja na madumu. Nikiwakatalia wanasema nimeanza kuringa.